Pua ya Pikapu

Watu wengine huhesabu kuni kwa mzigo wa kichwa, wengine kwa mkokoteni. Paskalia alizihesabu kwa saa. Ukimwonyesha rundo, alilizunguka mara moja, akagonga magogo mawili matatu kwa mgongo wa panga kusikia kama yamekauka, kisha akakwambia: hizi zitawaka kuanzia sasa hadi jogoo wa kwanza. Na jogoo akiwika, alimkuta kweli akikokoa majivu. Ushetu nzima hakukuwa na mtu wa kubishana naye kuhusu kuni, isipokuwa mama mkwe wake, ambaye alibishana naye kuhusu kila kitu.

Basi msimu huo mvua ikamwaibisha. Ilinyesha usiku wa siku mbili mfululizo, ikapenya kwenye nyasi za kibanda cha kuni, ikalowesha nusu ya kuni za bani lake, kile kijumba cha kukaushia tumbaku kwa moto. Kuni iliyolowa haina faida, hutumia nusu ya moto wake kujikausha yenyewe. Na siku yenyewe ilikuwa ya tano, ile mbaya kuliko zote. Siku ya tano majani yaliyotungikwa ndani ya bani yameshageuka manjano mazuri, kilichobaki ni kukauka kwa ule mshipa mnene wa katikati, na joto halitakiwi kushuka hata kidogo. Likishuka, maji ya mshipa hurudi kwenye jani, na jani linakuwa kama kitambaa cheupe kilichomwagikiwa chai. Wanunuzi hawana muda wa kukuuliza ilikuwaje.

Tena hilo lilikuwa bani la kwanza la Paskalia mwenyewe. Miaka yote tumbaku iliandikwa kwa jina la mumewe, Gregory. Mwaka huu Gregory alikuwa Katoro, anachimba kwenye maduara ya dhahabu, na Paskalia akaenda chama cha msingi cha wakulima kwa miguu yake akaandikisha jina lake. Kijijini walisema mengi. Mama mkwe, Bibi Nyamizi, alisema moja tu: kwamba karanga na mahindi viliwatosha watu wenye akili, na kwamba tumbaku ni mnyama anayekula miti. Baada ya hapo hakulisogelea bani, ingawa lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake.

Kuni kavu zilikuwepo kwa Stanslaus, kaka yake Paskalia, mbali kidogo, ng'ambo ya korongo: mikaratusi ya shamba lake mwenyewe, iliyokatwa mwaka jana na kupangwa chini ya mabati. Paskalia alimpigia simu mumewe, na Gregory akamtuma rafiki yake Nasibu na pikapu. Ila ilitakiwa irudi Katoro jioni hiyohiyo, maana mwenye nayo alikuwa na mawe yake yanasubiri. Safari ingekuwa moja tu.

Nasibu alifika asubuhi na miwani yake ya jua, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Alimwamkia Bibi Nyamizi mpaka akachuchumaa kidogo, na hata bibi alionekana kulainika. Kisha akaanza kuisifu pikapu. Miaka miwili alikuwa akibeba nayo mawe ya dhahabu kutoka maduarani hadi kwenye makarasha ya kusagia, viroba ishirini na sita kwa safari, na haijawahi kumwangusha. Wala hakupima uzito kwa kuhesabu viroba. Alichuchumaa nyuma ya gari na kuingiza vidole kati ya springi na chasisi. Vikiingia vitatu, gari bado lina njaa. Kikiingia kimoja, limeshiba. Kisipoingia hata kimoja, alisema, hapo kila mtu aombe kwa dini yake.

Paskalia aliacha kuni za kufika saa saba mchana. Akamwomba mama mkwe autazame moto.

"Mimi nimetunza moto kabla hujazaliwa," Bibi Nyamizi alijibu, akavuta kigoda chake taratibu hadi mbele ya tanuri, karibu na mkokoteni wa marehemu mumewe, mzee Masele. Mkokoteni huo mzee aliuchonga mwenyewe kwa mbao za mninga, na tangu afariki, miaka minne sasa, ulikaa pale nyuma ya bani na kuku wakitagia ndani yake. Mtu mmoja aliwahi kuja kutaka kuununua. Bibi hakumkaribisha hata kukaa.

Kwa Stanslaus kazi ilikwenda kwa vicheko. Magogo yalikuwa marefu kuliko bodi ya gari, kwa hiyo walifungua mlango wa nyuma, wakawa wanayasukuma ndani yakitanguliza ncha nyembamba, maana ncha huteleza vizuri na shina nene linabaki kwa nje, mahali pazuri pa kushika. Nasibu alichuchumaa: vidole vinne. Wakaongeza. Vidole vitatu na nusu. Wakaongeza tena. Paskalia naye alikuwa akipiga hesabu yake kimoyomoyo: kuni za saa ishirini, za saa thelathini. Alihitaji za saa arobaini.

Zilipofika za thelathini na tano aliitazama pikapu kwa ubavuni, na moyo ukamshtuka. Mzee Masele, alipokuwa hai, alimfundisha mkwewe kupakia mkokoteni wa ng'ombe. Ukimaliza kupakia, alisema, inua ule mti mrefu wa nira kwa mkono mmoja. Ukikulemea, utaziumiza shingo za ng'ombe. Ukipaa wenyewe, nira itawakaba koo. Ukikaa mkononi kama mtoto aliyelala, ondoka. Sasa Paskalia aliona kabisa kwamba, kama hii pikapu ingekuwa na ng'ombe, wangekuwa wamekabwa.

"Shemeji," alisema, "pua imeinuka."

"Gari halina pua, shemeji," Nasibu alijibu. "Lina bampa."

Stanslaus alicheka mpaka akashika mti. Paskalia naye alicheka, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alijua. Alijua, lakini alizitaka zile saa tano zilizobaki, akayaambia macho yake yanyamaze. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Siku hiyo tamaa ilikuwa nyuma, imening'inia mita nzima nje ya mlango wa gari.

Korongoni waliteremka vizuri. Shida ilikuwa kupanda. Pikapu ilipoelekeza uso juu, yale mashina manene yaliyotokeza nyuma yakagusa ardhi, yakaanza kulima barabara, na magurudumu ya mbele yakabaki yanagusa udongo kwa heshima tu. Nasibu alikata usukani kulia. Gari likaendelea kushoto kwa utulivu, kama limesahau kitu huko, likaegemea ukingo wa tope na kuzima. Hakuumia mtu. Miwani ya jua ilikuwa imeshuka mpaka mdomoni.

Nasibu alishuka, akaenda nyuma, akachuchumaa, akaingiza vidole. Viliingia vitatu, kama kawaida. Alibaki amechuchumaa hivyo kwa muda, anaviangalia kama watoto waliomdanganya.

Ilikuwa saa sita na nusu. Nusu saa baadaye moto wa Paskalia ungekosa chakula, na aliyekaa mbele yake alikuwa mtu ambaye tangu mwanzo alitaka bani hilo lishindwe. Machozi yalimjia, akayafuta kwa kanga, akapanda juu ya kuni.

"Tushushe zote," alisema. "Tunazigeuza. Mashina mbele, ncha nyuma."

Walishusha gogo moja moja kwenye tope lile, wakaanza upya, safari hii unene ukigusa kibini, chumba cha dereva, na wembamba ukipepea nyuma. Jasho liliwatoka, Nasibu akavua shati, akawa anaongea na kila gogo. Mawe ya kwao, alilalamika, yana adabu: kiroba ukikiweka mahali kinakaa palepale. Kuni zina mkia. Magogo kumi marefu kupita kiasi Paskalia aliamuru yaachwe ukingoni, na hayo ndiyo yalimuuma, kwa sababu yalikuwa saa tano zake zilezile.

Walipomaliza, alisimama mbele ya gari, akaweka mguu kwenye bampa na kukandamiza. Pua haikurukaruka, ilikaa imetulia. Alimpa Nasibu ishara ya kuondoka, na pikapu ikapanda korongo kama imetumwa na wazee.

Walikaribia nyumbani saa tisa alasiri. Paskalia alikuwa ameshalizika bani lake njiani, ameshawaza maneno ya kumwambia Gregory na sura ya kumwonyesha mama mkwe. Kisha wakakata kona ya mwisho, naye akaona moshi. Ulikuwa unatoka kwenye bomba umenyooka, mwembamba, wa moto mkali. Aliruka gari likiwa bado linajikokota, akakimbilia kidirisha cha bani na kuchungulia kipimajoto. Joto lilikuwa palepale alipoliacha asubuhi, na majani yalikuwa ya manjano tupu.

Ndipo akaona kuku. Walikuwa wakizunguka nyuma ya bani wamechanganyikiwa, wanatafuta mahali pa kutagia. Magurudumu mawili ya chuma yalikuwa yameegemezwa ukutani, shoka kando yake. Mbele ya tanuri Bibi Nyamizi alikaa kwenye kigoda, majivu mpaka kwenye nyusi, na miguuni pake kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha mti: ule mrefu wa nira.

"Mama," Paskalia alisema. "Mkokoteni."

Bibi alieleza bila haraka. Kuni ziliisha saa saba, zile zilizolowa zikawa zinamzomea tu. Yeye hajui kusoma kile kipimo cha ndani, lakini aliweka kiganja ukutani na ukuta ukamwambia unapoa. Akachukua shoka. Mbao za mninga, alisema, zinawaka kwa adabu. Huo mti wa nira alikuwa ameuacha uwe wa mwisho.

Paskalia alipiga magoti hapo hapo kwenye majivu. Alitaka kuomba msamaha na kushukuru kwa pamoja.

"Inuka, mwanangu, utachafua kanga," Bibi Nyamizi alisema. "Mzee aliutengeneza ubebe mazao ya nyumba hii. Mimi nimekaa nao miaka minne unabeba kuku."

Kisha alisimama, akaiendea pikapu, akalizunguka rundo mara moja na kugonga gogo kwa mafundo ya vidole. Za saa thelathini na tano, alitangaza, hesabu ileile ya Paskalia. Saa zilizopungua zingetoka kwenye kuni zilizolowa, zikishakauka kando ya tanuri. Paskalia aliokota mti wa nira, akaupeleka ndani pasipofika mvua, akarudi kupakua. Nasibu, ambaye hakuweza kukaa kimya hata mbele ya majivu, alimuuliza bibi kwa unyenyekevu ule mkokoteni ulikuwa na uwezo wa kubeba viroba vingapi.

Bibi Nyamizi alifikiri kidogo.

"Magunia kumi na mawili ya mpunga," alisema. "Na bani moja."