Mgeni wa Aminiel

Mume wangu amekwenda likizo mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa Moshono, ila zote zilikuwa likizo za watu wengine. Aminiel ni dereva wa watalii. Kwa miaka ishirini na tano amewapeleka Wajerumani kuona simba, amewavusha Wajapani kwenye tope, amewaimbia Waitalia wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa Kiitaliano cha kuungaunga. Mimi mkewe, niliyefunga naye ndoa kanisani Kikwe mwaka elfu mbili, amenifikisha Moshi kwenye msiba na Usa River kwenye harusi. Basi.

Sisemi kwa uchungu. Labda kidogo. Maisha yetu yalikuwa na utaratibu wake. Saa kumi na moja alfajiri naingia bandani kumkamua Jeuri, ng'ombe wetu, ambaye jina lake alilipata kwa mateke. Saa hiyo hiyo Aminiel anawasha gari la kampuni. Chai yake huinywa njiani, kwenye chupa. Yangu huimalizia nimesimama jikoni, maana wateja wa maziwa wameshaanza kugonga geti. Masika watalii wanapopungua, Aminiel anashinda mtaa wa Sakina kwa fundi, chini ya gari. Siku moja binti yetu Ndeshi akatuuliza, "Hivi nyinyi mlishawahi kukaa mezani asubuhi mkanywa chai pamoja?" Tukatazamana. Aminiel akasema labda siku ya ubatizo wake. Nikamkumbusha kwamba siku ile alipata pancha Tengeru, akatukuta kanisani.

Ndipo Ndeshi, ambaye anafanya kazi Dodoma, akatulipia kulala siku mbili kwenye loji moja upande wa Momella, nyuma ya Mlima Meru. Ilikuwa zawadi ya miaka ishirini na tano ya ndoa. Nilifurahi mpaka nikamwambia jirani yangu Namnyaki kabla sijamwambia mume mwenyewe. Namnyaki akakubali kumwangalia Jeuri.

Wiki hiyo hiyo likaingia jambo. Bwana Kishor, bosi wa Aminiel, alikuwa anafungua kambi mpya Ruaha, akamtaka Aminiel akawe mkuu wa madereva huko. Miaka miwili, nyumbani mara moja kila miezi mitatu. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Mama Ndeshi, unasemaje?" Aminiel akaniuliza.

Nikamjibu kwamba kazi ni yake, aamue mwenyewe. Nilisema uongo. Moyoni nilikuwa nimeshamtungia mtihani: tukiweza kukaa meza moja na kunywa chai kama mke na mume, nitamwambia asiende. Tukishindwa, aende tu, maana huwezi kumlilia mume ambaye hujui anaweka sukari vijiko vingapi.

"Nina sharti moja la safari," nikamwambia. "Asubuhi tunakunywa chai mezani. Tumekaa. Wote wawili."

"Hilo tu?" akacheka. "Hilo halina kazi."

Lilikuwa na kazi.

Alhamisi aliiosha Noah, gari letu la nyumbani, mpaka kuku wakawa wanajitazama kwenye mlango. Akanifungulia. "Karibu sana," akasema, nikaingia. Tulipofika Tengeru ndipo niliposhtuka kwamba nimekaa nyuma, peke yangu, kama mke wa balozi, na pembeni yangu kuna chupa ya maji ya baridi na kitaulo kilichokunjwa.

"Mkono wenu wa kushoto," Aminiel akasema, "mnaona migomba na kahawa za wenyeji."

"Wenyeji si ndio sisi? Na mnaona nani? Niko peke yangu huku."

Akanitazama kwenye kioo, tukacheka wote. Lakini hakusimamisha gari nihamie mbele, na mimi sikumwomba.

Loji ilikuwa nzuri, na baridi ya Juni kule ni ya koti. Aminiel akanikabidhi mapokezi na begi langu. "Mgeni wangu huyu, anaitwa Tekla," akamwambia dada wa pale. "Vyakula vya mafuta mengi hapendi." Nikapelekwa chumbani nikidhani yeye anaegesha gari. Kitandani wamekunja taulo zikawa ndege wawili wamegusanisha midomo. Nikakaa pembeni nisiwaharibu. Nikangoja. Nikampigia simu, ya kwake ikaita ndani ya begi langu. Saa nzima ikapita, njaa ikanitoa.

Kwenye chumba cha kulia nikakuta meza ya watu wawili imewashiwa mshumaa. Nikamuuliza mhudumu kama amemwona mzee mmoja mrefu, shati la kaki.

"Dereva wako? Ameshakula, mama. Yuko kule nyuma, kwa madereva."

Nikaenda kule nyuma. Aminiel alikuwa katikati ya wenzake watano, ugali umebaki nusu sahani, begi lake limeshawekwa juu ya kitanda cha chini kati ya vile vya kupandana. Anasimulia jambo na wote wanacheka. Aliponiona akasimama wima, akafuta mikono.

"Mama, kuna shida na chumba?"

Hivyo ndivyo alivyoniuliza. Ndivyo anavyowauliza Wajerumani.

"Chumba hakina shida," nikamwambia. "Kina kitanda cha watu wawili na mtu mmoja."

Madereva wakaangua kicheko. Kisioki, Mwarusha wa umri wake aliyeanza naye kazi, nusura apaliwe na ugali. "Ndugu yangu! Umemsahau mkeo mapokezi!" Aminiel akashika kichwa. Hakufanya kusudi, hilo nililijua, na ndilo lililoniumiza: miguu yake ilijua njia ya kwenda kwa madereva, haikujua ya kuja kwangu. Akabeba begi lake akanifuata akiomba radhi njia nzima, na mimi nikamwitikia kwa kuguna.

Asubuhi niliamka nikakuta upande wake umepoa. Nikachungulia dirishani: yuko nje kwenye ukungu, anafuta vumbi la jana kwenye Noah. Nikaenda mezani. Mhudumu akaleta birika na vikombe viwili. Nikanywa cha kwangu. Nikanywa na cha kwake, kwa hasira. Basi amefeli, nikasema moyoni, aende zake Ruaha. Machozi yakanilenga, nikajifanya mvuke wa chai umeniingia machoni.

Lakini mimi si mtu wa kulia mbele ya mkate wa bure. Nikanyanyuka, nikaenda kwenye maegesho, nikamnyang'anya Aminiel funguo mkononi bila hata salamu. Kisioki alikuwa ameegemea ukuta anaota jua.

"Shemeji, una kazi leo?"

"Wageni wangu wanapanda Meru, wanashuka kesho. Mimi hapa nahesabu mbega."

"Basi utuendeshe. Mimi na huyu."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyokaa kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Mpaka geti la hifadhi alikuwa anakanyaga breki ambayo haipo. "Punguza, kuna shimo." "Nimeliona tangu mwaka jana," Kisioki akamjibu, kisha akageuza sauti ikawa ya kazini. "Karibuni sana, wageni wangu. Ninyi ni maharusi?" Nikasema ndiyo, tumeoana hivi karibuni, bwana harusi ni mgeni mgeni bado. Aminiel akaona aibu kama kijana.

Ndani ya hifadhi twiga wakavuka barabara, mmoja akasimama karibu kabisa na dirisha letu. Kisioki akazima gari. Nikamgeukia Aminiel nikakuta ameachama.

"Vipi?"

"Ana kope ndefu," akasema kwa sauti ya chini.

"Si umeona twiga maisha yako yote?"

"Sijaona. Nimewaonyesha." Hakuondoa macho dirishani. "Mimi huwa natazama nyuso za wageni, kama wamefurahi. Kisha natazama barabara."

Hasira yangu ikaanza kunitoka hapo, nikaishikilia kidogo kwa sababu nilikuwa nimeigharamia chai mbili. Tulipofika kwenye maziwa ya Momella, Kisioki akasema anakwenda kunyoosha miguu. Tukakaa kwenye benchi. Flamingo walikuwa wametanda pembeni ya maji, na juu yao ukungu ukafunguka, nikauona Mlima Meru. Nimezaliwa chini ya mlima huu, kila asubuhi unanisimamia nyuma ya banda la ng'ombe, mzima, umefumba. Kumbe upande huu umebomoka, uko wazi mpaka ndani, na katikati umekaa mlima mwingine mdogo wa majivu. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma.

"Tekla," Aminiel akasema. Jina langu hulitaja kwa nadra sana. "Nikikaa bila kumhudumia mtu, najiona kama nimefukuzwa kazi. Hata nyumbani. Kwa fundi kule Sakina huwa nakwenda hata gari likiwa zima."

Ningemhurumia vizuri zaidi kama simu isingekuwa sikioni. Nilikuwa nampigia Namnyaki kuuliza habari za Jeuri, na ilikuwa mara ya nne tangu jana.

"Mama Ndeshi, ng'ombe mzima," Namnyaki akasema. "Ametulia, hata teke hajapiga. Mnakula nini huko?"

Nikakata simu nimekasirika. Miaka sita ananipiga mimi, leo kwa jirani anakuwa malaika! Aminiel alikuwa ananitazama, kona ya mdomo inamcheza.

"Na leo asubuhi umetandika kitanda cha hoteli. Nilikuona dirishani. Ukafua na taulo."

"Nilisuuza tu."

"Ukaanika kwenye kiti."

Tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka Kisioki akarudi mbio akidhani tumevamiwa na nyani. Kumbe mtihani nilimtungia yeye, na mimi nilikuwa nimefeli somo lile lile. Watu wawili hawajui kukaa, wameoana, kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kusimama! Kicheko kilipopungua nikasema lililokuwa moyoni kabla halijarudi nyuma.

"Nilikudanganya. Sitaki uende Ruaha. Nataka ukae."

Alisema Bwana Kishor amemtendea mema mengi, si mtu wa kumwambia hapana kirahisi. "Nitalifikiri mpaka Jumatatu," akasema, akanishika mkono, akaendelea kuushika mpaka getini, na breki hakukanyaga tena.

Jumamosi asubuhi tulikwenda mezani pamoja. Birika lilipofika Aminiel akainuka kumimina. Mimi nikainuka kukusanya vyombo vya meza ya jirani. Mhudumu akaweka mikono kifuani. "Wazee wangu, nawaomba, kaeni!" Tukakaa. Aminiel akachota sukari: kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne.

"Vinne? Baba Ndeshi!"

"Na wewe unachovya mkate kama mtoto mdogo."

Tulikaa pale mpaka wakatandua meza zote isipokuwa yetu. Nilikuwa na furaha hata nikasahau kupiga simu kwa Namnyaki.

Jumapili tulikwenda ibadani, tukapika makande, kila mtu akaulizia safari yetu, na la Ruaha halikuguswa na yeyote. Jumatatu saa kumi na moja nikaingia bandani kama kawaida. Jeuri akanipokea kwa kunipiga mkia usoni. Nilikuwa katikati ya kukamua niliposikia hatua, kisha mtu akagonga kwenye nguzo.

"Hodi. Habari ya asubuhi, mama. Chai yako. Leo kuna ukungu kidogo, baadaye jua litatoka."

Alikuwa amevaa shati la kazi, la kaki, lenye nembo ya kampuni. Moyo ukanishuka. Nikajua anakwenda, na chai hii ndiyo ya kuniagia. Kisha nikaona sinia lina vikombe viwili. Akapindua ndoo kuukuu, akaikalia, mbali kidogo na miguu ya Jeuri, akaanza kukoroga sukari yake yote.

Simu ikaita mfukoni mwake. Bwana Kishor huwa anaamka mapema kuliko jogoo wetu.

"Naam, bosi. Za asubuhi. Ndiyo, nimefikiri." Akasikiliza, akinitazama. "Nashukuru sana, tena sana. Ila Ruaha mtafute mwingine. Safari za hapa Arusha za siku mbili tatu nitafanya, mbali sitaweza. Nina mgeni hapa nyumbani." Akasikiliza tena. "Hapana, si wa kampuni. Alifika mwaka elfu mbili, na mpaka leo sijamtembeza."

Nikaficha uso ubavuni mwa ng'ombe nikalia, na safari hii sikusingizia mvuke. Jeuri hakupenda. Akapiga teke moja safi, ndoo ikalala, maziwa yote yakaanza safari kuelekea mlangoni. Getini mteja wa kwanza alikuwa ameshaanza kugonga.

Tukayatazama maziwa, tukatazamana. Hakuna aliyeinuka. Chai ilikuwa bado ya moto.