Mlango Sijautia Komeo

Kazi yangu ni kuwanyima watu kazi. Wakiomba nafasi ofisini kwetu, mimi ndiye ninayewaandikia kwamba tunasikitika, nafasi imejaa, tunawatakia kila la heri. Zamani walikuwa wananijibu, wengine kwa matusi, wengine kwa kilio, mpaka nikamwita fundi wa kompyuta anisaidie kuwanyamazisha. Mimi sina huruma ya kugawa bure.

Lakini mama alipoacha kula, niliketi mbele ya kompyuta hiyo hiyo saa ya chakula cha mchana, simu yangu ikiwa imeharibika, nikamwandikia mdogo wangu. Tulikuwa hatujasemezana miaka sita. Hakuja kumzika baba, nami nikampigia simu nikamwambia asinitafute tena maisha yake yote. Ulimi huu umeniponza mara nyingi.

Barua yenyewe ilikuwa mistari miwili: mama yuko hoi, anakuulizia wewe, njoo. Mwisho wake ndio ulionitoa jasho. "Wako mtiifu" ni ya waomba kazi. "Wasalaam" ni kavu mno. "Nakupenda" kwetu haisemwi, angedhani nimelewa. Nikaandika "dada yako", nikafuta, maana angeweza kuuliza dada gani.

Ndipo nikakumbuka barua za mama. Mdogo wangu alipokuwa shule ya bweni, mama alisema, mimi nikaandika, na kila barua aliimalizia hivi: Mlango sijautia komeo. Mtoto akija likizo, hata basi likichelewa vipi, alikuta mlango umesindikwa tu. Nikayaandika maneno hayo. Nikalia kidogo, nikatuma kabla mkuu wa ofisi hajarudi.

"Amesemaje?" mama aliniuliza jioni.

"Bado, mama. Labda yuko njiani."

Aliniuliza hivyo siku tisa. Ya kumi hakuamka.

Mdogo wangu alifika siku ya maziko, baada ya binamu yetu kumpigia simu. Nilimvaa pale pale uani, mbele za watu.

"Sasa umekuja kufanya nini? Si nilikuandikia?"

"Uliniandikia, dada." Akatoa simu yake, akanipa. "Hebu soma mpaka chini."

Nikasoma. Chini ya maneno ya mama palikuwa na mstari ambao fundi aliuweka ujibandike wenyewe kwenye kila barua yangu inapotumwa. Niliutunga mimi, siku niliyochoshwa na vilio vya watu: Usijibu barua hii. Uamuzi wetu ni wa mwisho.

"Nilikuwa nimeshafunga begi," alisema. "Nilipoirudia barua nikafika hapo chini, nikasema, dada ni yule yule. Nije unifukuze mama akisikia?"

Nilitaka kumwambia ni kompyuta. Nikashindwa, maana maneno yalikuwa yangu.