Chupa Isilale Nzima

Sikieni, wenye mabinti wanaoshuka pwani. Kina mama wa Kilwa Kivinje walikuwa na sheria moja: chupa isilale nzima. Ikiokotwa ufukweni asubuhi, jioni iwe imeshatwangwa kinuni, ikachanganywa na saruji, ikawa tofali lenye matundu. Matofali hayo waliyazamisha kwenye mwamba uliouawa na baruti ambayo wavuvi huijaza chupani, na mwaka wa pili changu na pweza wakarudi kuzaa humo.

Siku hiyo Kibibi, mmoja wao, bega lilimuuma kwa kutwanga. Akabakiza chupa kumi.

"Shemeji, leo tunakula ugali wa vioo?" Alikuwa Alfani, mdogo wa mumewe, amejiegemeza mlangoni.

"Nitakupikia wewe, ukukate huo ulimi."

"Basi nigawie hizo kumi. Natilia mafuta ya nazi."

Mafuta ya nazi, na mtu hana hata mnazi mmoja! Kibibi alijua zinakokwenda. Lakini kumnyima shemeji ni kuitisha kikao cha ukoo.

"Chukua, unipishe."

Kesho yake maji yalipokupwa, binti yake Salima alitangulia mwambani na kijiti chake cha kuchokolea pweza. Alfani naye alikuwa kwenye mtumbwi, palepale penye matofali, maana ndiko samaki waliko. Kibibi aliuona mkono wake ukipanda, na ndani yake chupa.

Mshindo ulimpiga tumboni kabla ya masikio. Maji yakasimama kama ukuta, yakaanguka. Changu wakaelea matumbo juu, wadogo kwa wakubwa, na damu iliyotapakaa kati yao haikuwa ya samaki.

"Shemeji, nishike! Nakufa!" Alfani aling'ang'ania mtumbwi kwa mkono mmoja. Wa pili uliishia kwenye kiwiko.

Kibibi alimpita. Salima alikuwa amelala kifudifudi majini. Akamvuta kwa nywele, akampiga mgongoni mpaka akatapika maji. Damu ilimchuruzika masikioni.

"Salima! Mwanangu, nisikie!"

Salima alimtazama midomo tu.

Alfani aliopolewa na wavuvi wengine. Mwamba ukabaki kifusi, na kina mama wakaanza upya, tofali moja moja.

Sasa Kibibi akitwanga, Salima huketi kando, kiganja ardhini, akihesabu mapigo asiyoyasikia. Yakikoma mapema, huinuka, akalifungua gunia la chupa na kulikagua mwenyewe.