Wimbo wa Mbuzi ni wa Nani

Nisikilizeni, na msinikatize, maana nikikatizwa hasira zinanipanda. Naitwa Drateru, mtu wa Aroi, na kazi yangu iko katika maktaba moja ndogo pale Arua mjini. Vitabu hatuna vingi. Tulicho nacho ni kanda za zamani, picha za zamani na karatasi ambazo panya walianza kuzisoma kabla yetu, na vyote hivyo tunaviingiza kwenye kompyuta. Watu wakisikia hivyo wanadhani kazi ni kubonyeza tu. Wapi! Kubonyeza hata mtoto anabonyeza. Kazi yenyewe ni metadata, yaani maelezo yanayokaa pamoja na kila kitu ili mtu akikitafuta kesho akipate: kinaitwaje, nani alikitunga, lini, wapi, kinahusu nini. Kuna kiwango cha dunia nzima kinachosema sehemu hizo zijazwe namna gani, na mimi nakifuata bila huruma.

Mwenzangu wa Koboko, Constantino, hakifuati hata kwa bahati mbaya. Yeye alitoka Sudan Kusini, ana roho nzuri mpaka inakera, na anasimamia maktaba ya huko peke yake. Siku tulipoambiwa tuunganishe orodha zetu mbili ziwe moja, ili watu watafute kwa simu zao, nilifungua kazi yake nikashika kichwa. Kwenye tarehe ameandika "zamani". Kwenye mada ameandika "mambo mengi". Picha nzuri kabisa ya kwaya, kwenye sehemu ya aliyeipiga ameandika "mwenye kamera". Nikampigia simu.

"Constantino, 'zamani' ni tarehe gani?"

"Dada, lakini ile kitu iko ya zamani kweli. Unataka mimi naandika uongo?"

"Na 'mambo mengi'?"

"Sikiliza kanda yenyewe. Mambo iko mengi."

Ningefanya nini? Nikakaa nikamsafishia yote, sehemu kwa sehemu, huku namtukana kimoyomoyo na huku nafurahi, maana siku zile nilikuwa na furaha ya kumwaga. Nilikuwa naolewa. Kenyi, kijana wa Midia upande wa Koboko, anayeuza vipuri vya pikipiki sokoni huko, alikuwa amekuja nyumbani kujitambulisha, baba yangu, Mzee Obitre, akamkubali, na gauni langu lilikuwa tayari kwa fundi. Mimi ambaye majirani walishanihesabia kwamba nitaolewa na kompyuta!

Sasa, katika kiwango chetu kuna sheria moja ninayoipenda kuliko zote: mtu mmoja, namba moja. Ukikuta Anguzu kwenye picha na Anguzu kwenye kanda, lazima uamue ni mtu mmoja au wawili. Akiwa mmoja, unawaunganisha chini ya namba moja, na kila kitu chake kinakusanyika hapo, mpaka watoto wake. Usipofanya hivyo orodha inakuwa fujo.

Arua tulikuwa na kanda ya Wimbo wa Mbuzi, mwimbaji Yakani, mpiga adungu, kile kinubi chetu cha nyuzi. Yakani huyo ni babu yangu mzaa baba, na aliyeileta kanda ni baba mwenyewe. Koboko nako kulikuwa na kanda ya Wimbo wa Mbuzi, mwimbaji Yakani, mpiga adungu. Nikazisikiliza zote mbili. Kinubi kile kile, sauti ile ile, jogoo anawika nyuma pale pale. Ilikuwa nakala ya kanda moja. Wimbo mmoja, sauti moja, jina moja: ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikawaunganisha. Na kwenye sehemu ya jamaa, ambapo Constantino kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amejaza vizuri, paliandikwa kwamba Yakani ana mtoto aitwaye Kiden, Midia. Nikafikiri, basi huyu ni shangazi fulani wa mama mwingine ambaye baba hakututajia, na akina Kiden Koboko wamejaa. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Haikupita wiki, Kenyi akanipigia.

"Drateru, umefanya nini? Shangazi Kiden amekaa chini hapana taka kula. Anasema simu imemwonyesha mimi nataka kuoa dada yangu!"

Mungu wangu. Nilifungua ukurasa. Yakani mmoja, namba moja, na chini yake watoto wawili kwa mstari: Obitre, ambaye ni baba yangu, na Kiden, ambaye ni dada wa marehemu baba yake Kenyi na ndiye aliyemlea. Kenyi siku zote alikuwa anasema "babu yetu", hakumtaja jina, nami sikuuliza. Mtu anayeuliza kila karatasi imetoka wapi, mchumba wake hakumuuliza! Na kwetu Walugbara, kama kwao Wakakwa, watu wa damu moja hawaoani. Hilo halina mjadala wala faini. Harusi ikasimama.

"Ni kosa la kompyuta, natenganisha sasa hivi," nikamwambia.

"Shangazi amekataa. Anasema kompyuta hapana juana na sisi, kwa hiyo hapana sababu ya kudanganya."

Jumapili baada ya kanisa, baba na mimi tukafika Koboko, nyumbani kwa Shangazi Kiden. Ni mama mpana, anauza samaki wakavu, na akikutazama unajiona umezidisha bei. Constantino naye alikuwa ameitwa, amekaa pembeni na kompyuta ya maktaba magotini, uso kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Kenyi hakunitazama.

"Mzee," Kiden akamwanza baba baada ya salamu, "baba yako alikuwa napotea-potea?"

Baba ni mtu wa kweli. "Alikuwa nafanya biashara. Soko ya Ariwara ng'ambo ya mpaka, Sudani. Miezi mingine hapana rudi."

"Basi ona. Na ya kwetu alipotea mwaka ile ya kukimbia vita. Mimi nilikuwa mutoto mudogo. Kaburi hakuna, picha hakuna. Kama alikwenda Aroi akakaa kwa bibi mwingine, mimi najua nini?"

"Lakini Shangazi," nikasema, "babu yangu amezikwa Aroi. Nilimjua kwa macho yangu. Walikuwa watu wawili wa jina moja, basi!"

"Kama iko mutu mbili, wimbo iko ya nani?"

"Ya kwetu," baba akasema.

"Ya kwetu!" Kiden akasema. "Baba alikuwa nanibeba mabegani, naimba hiyo hiyo. Kanda nilipata sokoni, jina yake juu. Sasa wewe, binti ya kompyuta, niambie: mutu mbili natunga wimbo moja, jina moja, sauti moja? Kama wimbo iko ya wote, basi hao wote iko mutu moja. Na harusi hakuna."

Ndivyo nilivyofikiri mimi mwenyewe kabla ya kwenda kunywa chai! Nikafungua ukurasa nijaribu kutenganisha, na kompyuta nayo ikaniuliza swali lile lile la Kiden: rekodi hii iende kwa yupi? Chagua mmoja.

"Dada," Constantino akanong'ona, "tuandike 'mwenye adungu'."

"Nyamaza, Constantino!"

Kenyi akasema tuisikilize basi. Kanda ikaanza. Nyuzi zikalia, jogoo akawika, na ile sauti ikapanda:

*Mbuzi nakataa, mama, mbuzi nakataa,*
*Ariwara iko mbali, mguu yangu nauma.*

Kabla ya kiitikio, mwimbaji akagonga ulimi, tk, tk. Nikaruka. Babu yangu! Alikuwa anagonga hivyo akitubangulia karanga, akitufukuza jikoni, akisali. Ningemtambua hata gizani. Nikamgeukia baba, naye alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua amesikia nilichosikia.

Nikamtazama Kiden. Yule mama mkali alikuwa amefumba macho, ameshika mabega yake mwenyewe kwa mikono miwili, pale pale mtoto anayebebwa anaposhikilia. Midomo yake ilikuwa inaufuata wimbo.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kushinda, sitaficha. Nilikuwa na ushahidi, na kiwango chetu kinataka ushahidi.

"Andika ya Midia," baba akasema.

"Baba!"

"Nimesema. Baba yangu aliisikia kwa mutu ya Midia, safari ya sokoni. Aliipenda, akaishika. Kwa hiyo walikuwa mutu mbili. Andika."

"Baba, wewe unajua kabisa kwamba..."

Akaniambia kwa Kilugbara, taratibu, ili wenyeji wasisikie: sisi tuna kaburi, tuna picha ukutani, tuna kiti chake mpaka leo. Hawa wana kanda tu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, akapandisha sauti: "Au unataka kuolewa na hiyo kompyuta?"

Watu wakacheka, Kiden wa kwanza. Mimi sikucheka. Miaka yote nimegombana na watu kwa ajili ya nukta, kwa ajili ya "zamani", halafu niandike uongo kwa mkono wangu, na uongo wenyewe umchukulie babu yangu wimbo wake? Kenyi akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaandika. Mtunzi: Yakani wa Midia. Na nilipobonyeza nikamchukia kila mtu mle ndani, kuanzia Constantino ambaye hakukosa lolote.

Harusi ikafanyika Koboko. Padri alimaliza mapema, chakula kikatosha, mvua ikatuheshimu. Jioni haijaingia bado, ukoo wa Midia wakasimama kutoa zawadi yao, na zawadi yao, mnaijua, ilikuwa wimbo wa babu yao. Kijana mmoja akashika adungu, Shangazi Kiden akaongoza, kitambaa kinapepea mkononi. *Mbuzi nakataa, mama, mbuzi nakataa.* Waliimba vizuri, kwa majivuno. Nilimtafuta baba. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na koti lake la harusi, anapiga makofi kama mgeni yeyote.

Wakafika mwisho wanaoujua, ule wa kwenye kanda, ambapo mbuzi analala njiani na mwenyewe anamlilia. Watu wakaanza kushangilia. Na baba, sijui ni bia au ni damu, akaendelea. Hakukusudia. Aliimba kwa sauti ya chini, macho yako chini, kama mtu anayemalizia sala ambayo wengine wameikatiza:

*Nikamwambia harusi, mama, nikamwambia harusi,*
*mbuzi kasimama, katangulia mbele.*

Halafu akashtuka, akafunga mdomo. Lakini Kiden alikuwa amesikia. Akanyanyua mkono, nyuzi zikanyamaza.

"Mzee Obitre. Hiyo iko nini?"

"Hapana kitu, mama. Nilisikia tu mahali."

"Mahali gani? Mimi naimba hii wimbo toka mabegani ya baba yangu. Hiyo mstari hakuna. Kwa kanda hakuna."

Baba akahangaika na vifungo vya koti. "Kanda iliisha," akasema hatimaye. "Upande iliisha kabla yeye hajamaliza. Hiyo mstari... alikuwa naimba kwa harusi ya watoto yake tu."

Hata wale waliokuwa wanagombania soda nyuma wakageuka kutazama. Kiden alimtazama baba mpaka nikaogopa, nikafikiri, basi, imekwisha, narudi Aroi na gauni langu. Kumbe alikuwa analia. Alichukua adungu kwa yule kijana, akavuka uwanja mzima na ule upana wake, akaiweka kwenye magoti ya baba.

"Kwa hiyo baba yangu aliisikia kwa baba yako," akasema. "Alirudi nyumbani akaniimbia, lakini mwisho hapana jua. Na walikuwa mutu mbili kweli." Akajifuta kwa kitambaa. "Imba yote, mzee. Mutoto yako naolewa."

Baba akaimba yote. Mimi, mke wa Kenyi, nililia mpaka poda ikaniishia shingoni, na Kenyi alikuwa ananifuta huku na yeye analia, hovyo tu, bila aibu.

Wimbo ulipoisha, Kiden akaniita mbele ya umati mzima. "Wewe binti ya kompyuta! Kesho badilisha. Andika ya Aroi."

"Hapana," baba akasema, adungu bado kifuani. "Hiyo tumemaliza. Inabaki Midia."

"Mzee, mimi si mwizi. Aroi!"

"Mama, mimi nilishatoa. Mutu hapana rudisha zawadi kwa harusi. Midia!"

"Aroi, nimesema!"

Wakasimama wakigombana, uso kwa uso, wakali wote wawili, kila mmoja anausukuma wimbo kwa mwenzake, na watu wa pande zote wakaingilia kwa kelele. Constantino, ambaye hakujifunza kitu, akanijia mbio na kompyuta imefunguliwa, kishale kinapepesa kwenye sehemu ya mtunzi.

"Dada, sasa tunaandika nani?"

Nikaifunga kompyuta ile mbele ya macho yake.

"Leo hatuandiki mtu," nikamwambia. "Mguse yule kijana begani, mwambie achukue adungu kwa baba, apige tena toka mwanzo."