Ng'ombe wa Bwana Calvert

Baba alisimama mbele ya kitanda cha Bwana Calvert, kofia mkononi, amevaa koti lake la kuendea harusi, nami nikajua nimefanya kosa. Mzee yule wa Louisville alikuwa na miaka tisini na mmoja, na asubuhi hiyo alikuwa ameniita kwa jina la marehemu mkewe. Baba alikuwa amekaa kwenye basi tangu Buffalo, akabadilisha basi Columbus, ili tu aje kumwamkia.

Kosa lilianzia kwenye simu. Mwaka 2015 nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya wazee karibu na bustani ya Iroquois, hapo Louisville, nikiwaogesha na kuwalisha. Bwana Calvert alikuwa na kitabu cha maana za majina, akanionyesha lake: neno la Kiingereza cha kale, la watu waliochunga ndama. Yeye mwenyewe aliuza bima maisha yake yote. Ng'ombe aliwaona kupitia dirisha la gari. Jioni nikamsimulia baba, ili tu nipate la kusema, maana kuongea naye kulikuwa kazi.

Tangu watu wenye silaha walipowaswaga ng'ombe wetu wote kule milimani Minembwe, Kongo, baba hakuwahi kutamka neno ng'ombe tena, wala kunywa maziwa. Miaka kumi na mitatu. Dada yangu Gaju, aliyeishi naye Buffalo, alinipigia akilia kwamba baba anakonda, chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Niliogopa atatufia hivyo hivyo, kinywa kimefungwa.

"Donc, uyo mzee iko mchungaji?" baba aliniuliza kwenye simu jioni ile, kwa Kiswahili chetu cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Si wa kanisa, baba. Wa ndama. Na si yeye, ni babu zake wa zamani sana."

Nikamsikia akizima redio.

"Bon. Mutu ya vile hawamusalimie ku telefone."

Nilidhani ni maneno tu, mpaka Gaju aliponiambia baba ameshakata tiketi.

Sasa baba alikuwa ameushika mkono wa Bwana Calvert kwa mikono yake miwili. Akaniambia nitafsiri vizuri, nisiruke hata neno. Kwetu, mtu anayetaka undugu na mwenzake humpa ng'ombe mbele ya shahidi, na undugu huo hurithiwa hadi na wajukuu. Shahidi nilikuwa mimi.

"Leya, umuambie, mimi Karaha, minamupatia ngombe."

Neno lile, baada ya miaka yote ile. Lakini ng'ombe gani? Hatukuwa hata na kuku. Nilimwonea baba huruma, nikaona na haya, nikawaza kudanganya, niseme ni salamu tu. Bwana Calvert akicheka, baba hatafungua tena kinywa. Baba aliniangalia, akisubiri. Nikasema kama alivyosema.

Bwana Calvert hakucheka. Alijikongoja akaketi, akaniomba miwani yake.

"Ng'ombe mwenyewe ana rangi gani?" akauliza.

Nilitafsiri. Baba akavuta kiti, akaketi, akaweka kofia magotini, akaanza kumweleza kuanzia pembe.