Wimbo wa Kungwi

"Futa! Futa sasa hivi nione kwa macho yangu!" Bi Najat alifoka mlangoni kwa Brightson, kanga kaifunga kibwebwe, na nusu ya mtaa wa Tandika imeshajaa uani.

"Shikamoo kwanza, mama..."

"Kaa nayo! Umeiba wimbo wa unyago ukauchanganya na muziki wako wa singeli!"

Jasho lilimtoka Brightson. Mtoto wa Bukoba, kusiko na unyago, angejuaje? Wimbo ulipenya ukutani kutoka kwa Bi Najat, jirani yake, wakati mwali anachezwa, akaunasa kwa simu, akauongeza kasi. Sasa ndio kiitikio cha singeli aliyoihangaikia miezi mitatu, na saa kumi jioni redio wanaisubiri.

"Ule hausikiwi na mwanamume," Bi Najat alisema, sauti imeanza kumkatika. "Makungwi wenzangu watasema nimeuza siri. Nani ataniletea mwali tena?"

"Leo kungwi kapata mwali mwenye ndevu!" jirani mmoja akachekea dirishani. Hakuna aliyemuunga mkono.

Brightson akaigeuza kompyuta yake ielekee mlangoni watu waione, akafuta kiitikio, kisha rekodi ya kwenye simu.

Bi Najat akamkazia macho. "Redio utawapelekea nini?"

"Ngoma tupu, mama. Haina mwimbaji."

"Zipo nyimbo za kutwangia, tunaimbaga hata shehe akipita. Nitakuimbia mwenyewe, na jina langu ulitaje." Akakifungua kibwebwe. "Ila siimbi na njaa mie. Njoo kwangu, wali wa nazi umeshaiva."