Jaketi la Joyline

Akeyo, fundi wa nguo, hakumwamini yule mwanamke tangu alipoketi dukani. Alijitambulisha kwa jina la Cheruto, mkulima wa Subukia, akasema alikuwa ndani ya boti ya abiria iliyogonga mwamba ikikaribia bandari kule Pwani. Katika ajali hiyo ndimo alimokufa Joyline, mdogo wake Akeyo. Binti yake Cheruto, mtoto mdogo, alikuwa amemshika sketi, akiikodolea macho cherehani.

"Nimekuja kushukuru," Cheruto akasema. "Dada yako alinipa jaketi lake la kuokoa maisha. Mimi sikuwa nimepata. Yalikuwa yameisha."

Akeyo akaacha kushona. Tangu mazishi, jaketi hilo lilikuwa likimsumbua. Kabla boti haijaondoka, Joyline alimtumia picha kwa simu: anacheka, jaketi la rangi ya chungwa kifuani, mikanda yote imefungwa. Mwili ulipoopolewa haukuwa na jaketi. Kuna mtu alilichukua. Na sasa mtu huyo alikuwa hapa Section 58, mtaa wa Nakuru, kwenye kiti cha wateja, akinywa chai yake.

"Alikupa tu hivyo?"

"Aliniambia yeye anajua kuogelea. Ati amezaliwa kando ya ziwa."

Uongo mtupu! Yeye na Joyline walizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli hapa hapa Nakuru, ambako ziwa limo ndani ya uzio wa mbuga ya wanyama, na Joyline hakuwahi kuingia maji yaliyozidi karai.

"Kuna mtu wa Nakuru aliokolewa pamoja na nyinyi," Akeyo akasema, akimtazama usoni. "Anaitwa Ishak. Ndiye alinipigia simu siku hiyo. Unamjua?"

Cheruto akaweka kikombe chini. "Simkumbuki vizuri."

Chai hakuimaliza. Alimnyanyua mtoto, akasema gari la Subukia litamwacha, akatoka.

Akeyo alifunga duka saa hiyo hiyo, akaenda kwa Ishak, mwenye bucha mjini.

"Niambie ukweli," akamwambia. "Yule mwanamke wa mtoto alimnyang'anya Joyline jaketi?"

Ishak akaweka kisu chini. "Alilivuta, ndiyo. Boti ilikuwa imelala ubavu, maji yametufika kiunoni. Alikuwa na mtoto mgongoni, analia, ameshika mikanda ya Joyline anaivuta. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania chuma upande ule mwingine, siwezi kuwafikia."

"Nilijua!"

"Ngoja kwanza, mama. Joyline alimtoa mikono kwenye mikanda. Angetaka kumsukuma angemsukuma, alikuwa na nguvu kumshinda. Lakini alimwangalia yule mtoto. Halafu akafungua mikanda mwenyewe, akamvisha yule mama. Sasa yule naye akaanza kukataa, anauliza, 'Na wewe je?' Ndiyo Joyline akasema amezaliwa kando ya ziwa, ataogelea mpaka ufuoni. Alivyosema, hata mimi niliamini."

Akeyo akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumapili baada ya kanisa alisafiri hadi Subukia, akaulizia nyumba ya Cheruto. Alimkuta Cheruto uani akiosha mitungi ya maziwa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno makali, lakini mdomoni likatoka moja tu.

"Ulilivuta."

Cheruto hakuinuka. "Nililivuta. Nilikuja kwako kusema hivyo. Nikaona picha yake ukutani mwa duka lako, ulimi ukanikwama."

"Ungesema, ningekufukuza."

"Najua."

Mtoto akatoka ndani ya nyumba, akasimama mlangoni akinyonya kidole. Akeyo alimtazama. Hasira alikuwa nayo bado, na sehemu yake kubwa sasa ilikuwa dhidi ya Joyline, aliyedanganya kuhusu kuogelea kwa sauti ya kawaida vile.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Mimi sikuwepo," akasema. "Niambie alivyokuwa siku hiyo, kabla ya maji. Alikuwa ameketi wapi? Alikuwa akicheka na nani?"

Cheruto akajifuta mikono kwenye leso, akaanza kumsimulia.